Mkanda wa jeshi: kirusi cha utotoni kinapoamka

Wengi wamekua wakisikia kwamba mkanda wa jeshi ukizunguka kiwiliwili na ncha zake zikakutana, mgonjwa hana maisha. Aliyeianzisha imani hiyo hakuwa mjinga. Aliona, na aliona sawasawa, kwamba malengelenge hutambaa upande mmoja tu, kutoka mgongoni kuja kifuani au tumboni, na karibu kila mara hukomea katikati. Alichokosa ni sababu. Kila neva itokayo kwenye uti wa mgongo ina ukanda wake wa ngozi, ya kulia kulia na ya kushoto kushoto, na kirusi cha ugonjwa huu hupita humo humo ndani ya neva. Mkanda hauvuki kwa kuwa njia imeishia hapo. Wachache hutokwa na malengelenge pande zote mbili au mwili mzima, hasa wale ambao kinga yao imeshuka mno. Hatari yao imo katika kushuka huko, wala si katika ncha kukutana.

Kirusi chenyewe ni kile kile cha tetekuwanga. Mtoto hupona, vipele vikakauka, lakini kirusi hakiondoki: hujificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo, na seli za kinga hukizuia humo kwa miaka mingi. Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida katika mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, alitumia kumbukumbu za wagonjwa wake mwenyewe kujenga hoja kwamba mkanda si maambukizi mapya, bali ni kirusi cha zamani kinachoamka kinga inapolegea. Ndiyo maana huwapata zaidi wazee. Kwa hiyo mwenye mkanda hana haja ya kuuliza nani kamtupia. Aulize kinga yake imelegezwa na nini. Naye aliyegusa majimaji ya malengelenge hayo hapati mkanda. Kama hajawahi kuugua tetekuwanga, anaweza kupata tetekuwanga.

Kuna watakaosema: mbona fulani alipakwa dawa ya mganga akapona? Alipona kweli, ila malengelenge ya mkanda kwa kawaida hukauka yenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne, hivyo chochote kilichopakwa katikati ya muda huo hupewa sifa. Kipimo cha haki zaidi ni maumivu, ambayo kwa baadhi ya watu, hasa wazee, hubaki miezi mingi baada ya ngozi kupona, yakichoma hata nguo inapogusa. Dawa ya asikloviri hufupisha ugonjwa, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Mkanda unaotokea kwenye paji la uso au karibu na jicho hauna subira hata hiyo, kwani unaweza kupofusha.

Linalosumbua zaidi ni VVU. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Afrika waliona mkanda ukiwapata vijana ambao umri wao haukuutarajia, na Shirika la Afya Duniani limeuweka miongoni mwa dalili za hatua ya pili ya maambukizi hayo. Pingamizi ni kwamba maneno kama haya humtia mgonjwa aibu, jirani akamhukumu kwa kumtazama tu. Pingamizi lina uzito, maana mkanda hauthibitishi VVU: nchini Marekani hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watatu atauugua maishani, na wengi wao hawana virusi hivyo. Lakini dawa ya aibu si kunyamaza. Kijana mwenye mkanda apime, kwa sababu majibu ndiyo yatakayoamua atibiweje.

Tena kuna jambo linalowachanganya hata wanaotumia vizuri dawa za VVU, yaani ARV. Baadhi ya watu hupata mkanda katika miezi ya kwanza ya ARV, wakati kinga inapanda badala ya kushuka. Seli zilizokuwa zimepungua hurudi, hukitambua kirusi kilichokuwa kimelala, huanza kupambana nacho, na ngozi huvimba kwa sababu ya mapambano hayo. Mgonjwa huona ARV ndizo zilizomletea upele, akaziacha, na VVU vikapata nafasi upya. Anachotakiwa ni kwenda kliniki atibiwe mkanda, huku akiendelea kumeza ARV zake kama kawaida.