Sakafu Kwanza, Pampu Baadaye

Senta ya Rodi Kopany iko pale barabara ya kutoka Rongo inapogawanyika, moja ikielekea Homa Bay na nyingine Ndhiwa hadi Karungu. Hapo hakuna anayehitaji kuelezwa habari ya kuosha kwa malipo, maana bodaboda haikai na matope siku mbili. Mbwa ndiye hana pa kuoshewa. Wengi hawaoshwi kabisa. Anayejaliwa hupelekwa mtoni, au ziwani kwa walio karibu na Homa Bay, na mwenyewe husimama kwenye maji ya magotini kando ya majani, makao hasa ya konokono wa kichocho. Kwa hiyo mwenye kibanda cha kuosha pikipiki akiuliza kama inafaa atenge pembe ya watu kujioshea mbwa wao, jibu langu ni kwamba inafaa, na si ghali, mradi asianze na pampu.

Huko Marekani na Australia kuna mashine za kazi hii: beseni la chuma kisichoshika kutu, maji ya moto, kipulizio cha kukaushia manyoya, na mteja anatumbukiza sarafu. Sisi jua linatukaushia bure. Mashine ya presha nayo haimfai mbwa. Mngurumo wake unamtia kiwewe, na maji yake yakipigwa kwa karibu yanaumiza ngozi. Pipa la lita 200 lililoinuliwa mita 2, na mpira wenye kichwa cha bafu, linasuuza povu vizuri. Likijaa lina uzito unaopita kilo 200, kwa hiyo nguzo zifungwe mbao za mshazari. Paa la mabati la mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linakupa karibu lita 160 hata ukitoa zinazopotea njiani, na mbwa wa kawaida anatosheka na ndoo mbili za lita 20. Habari ya maji imeishia hapo.

Pesa iende sakafuni. Sehemu kubwa ya nyanda za Homa Bay ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukimwaga zege moja kwa moja juu yake, litapata nyufa. Kwenye karakana ufa ni aibu ya fundi tu, lakini hapa ni hatari. Kupe wa kahawia wa mbwa akishiba damu huanguka na kutafuta mwanya wa kujificha, sakafuni au ukutani, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Mayai yakianguliwa, vijikupe vinamngoja mteja anayefuata. Sehemu ya kuoshea yenye nyufa basi inaweza kuwa kiwanda cha kupe, na mtu akalipa ili aondoke na wengi kuliko aliokuja nao.

Chimba udongo mweusi angalau sentimita 30, jaza moramu kwa tabaka, umwagilie na kushindilia kila tabaka, ndipo umwage zege la sentimita 10. Kwa sakafu ya mita 2 kwa mita 1.5, mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4 unahitaji mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Upande mmoja uwe juu kwa sentimita 4 ili maji yasituame. Fundi atataka kuilainisha hadi ing'ae, mkatalie. Ipitishwe ufagio ikiwa mbichi, kwa sababu mbwa akianza kuteleza hashikiki tena. Kisha ilowanishwe kwa siku 7 kabla ya mtu yeyote kuikanyaga kwa kazi.

Maji machafu yapite kwanza kwenye ndoo iliyotobolewa matundu, inase manyoya na mchanga. Baada ya hapo kila mtu hukimbilia kuchimba shimo la kunyonya maji na kulijaza mawe. Lijaribu kwanza: chimba kashimo ka sentimita 30, kajaze maji jioni, ukaangalie asubuhi. Maji yakiwa bado yapo, kama yanavyokuwa mara nyingi kwenye udongo mweusi, shimo kubwa litakuwa dimbwi la mbu. Afadhali maji ya sabuni yaelekezwe kwenye migomba.

Nimesema ya sabuni, si ya dawa. Dawa nyingi za kupe za jamii ya pairethroidi huua samaki hata zikiwa kiasi kidogo mno, na mifereji yetu inaishia ziwani. Hapa ndipo kujihudumia kunapokoma. Mteja apewe maji, sabuni na brashi, lakini dawa ya kupe ipimwe na mhudumu aliyesoma karatasi ya chupa, kwenye beseni dogo, ipakwe kwa sponji mbwa akishajikung'uta maji. Dawa kama amitrazi haisuuzwi, huachwa ikaukie mwilini, kwa hiyo hakuna sababu ya ndoo nzima kuingia mferejini. Paka asipakwe amitrazi wala pamethrini. Hiyo ya pili inaweza kumuua. Punda pia aepushwe na amitrazi, maana inadhuru jamii ya farasi. Wazee watakumbuka majosho ya ng'ombe ambayo serikali ilianza kuyaachia wananchi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mengi yalikufa, na sababu moja ilikuwa dawa kuzimuliwa hadi kupe wakaizoea. Vipimo vya kukadiria kwa jicho ndivyo vilivyotufikisha huko.

Mbwa wa kijijini hajui mnyororo. Weka pete mbili za chuma ukutani, moja usawa wa kifua chake na nyingine chini zaidi, na kamba ifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kitambaa laini kinatosha kumfunga mdomo kwa muda mfupi. Akimng'ata mtu licha ya hayo, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi aende hospitali kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Kila mbwa akiondoka, sakafu isuguliwe kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu huipunguzia Jik nguvu. Halafu imwagiwe Jik sehemu 1 kwa maji sehemu 20, ikae dakika 10, isuuzwe. Virusi vya paravo, vinavyomaliza watoto wa mbwa, havisikii sabuni peke yake.

Bei ipangwe kwa ndoo, si kwa mbwa, la sivyo mwenye mbwa mdogo atamlipia mwenye mbwa mkubwa. Wenye mbuzi wa kuuza siku ya soko nao watakuja, na walipe vivyo hivyo. Ila mbuzi waoshwe asubuhi kabla ya mbwa wa kwanza, kwa sababu mavi ya mbwa hubeba mayai ya tegu, na Jik haiyaui.