Dawa Haifi kwa Kuchemshwa

Tangu habari za roboti ndogo zinazoondoa mabaki ya dawa kwenye maji zianze kusambazwa kwenye simu, naulizwa swali lile lile: zinauzwa duka gani Kariakoo? Nikijibu kuwa haziuzwi popote, linafuata jingine ambalo limenichosha zaidi: basi nichemshe maji dakika ngapi ili dawa zife?

Dawa haina uhai, kwa hiyo haifi. Vinavyokufa kwenye sufuria ni vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwa ajili hiyo endelea kuchemsha, tena usiache hata siku moja. Lakini metformini ya mgonjwa wa kisukari, ambayo sehemu yake iliyoingia kwenye damu hutoka na mkojo karibu yote bila kubadilika, ni kemikali iliyoyeyuka. Chukua maji ya bahari pale Feri, uyachemshe saa nzima, kisha uyaonje: chumvi imezidi, kwa sababu maji yamepaa na yenyewe imebaki. Dawa nyingi zinafuata njia hiyo hiyo. Zipo chache zinazovunjika kwa joto, kama amoksisilini, lakini karbamazepini ya kifafa huvuka hata mitambo ya kusafisha majitaka. Anayechemsha kwa muda mrefu zaidi akidhani anaondoa dawa anapoteza gesi na mkaa, na kikombe chake kinabaki na dawa ile ile ndani ya maji machache zaidi.

Shabu nayo haisaidii hapa, wala mbegu za mlonge. Hivyo vinatuamisha tope, kilichoyeyuka hakituami. Klorini hubadilisha baadhi ya dawa na kuziacha nyingine kama zilivyo.

Na roboti je? Mwaka 2017 watafiti wa Barcelona walichapisha kazi ya vidude vya kobalti na chuma, vidogo kuliko unene wa unywele, vinavyojisukuma kwa mapovu huku vikivunja tetrasaiklini, kisha vikakusanywa kwa sumaku. Ni kazi nzuri sana. Lakini vinaendeshwa na haidrojeni peroksaidi, ile ya kuoshea vidonda, na vimefanya kazi ndani ya vyombo vya maabara. Kutoka hapo hadi Mto Msimbazi wetu wa Dar es Salaam ni mbali, na anayekuuzia unga wa roboti leo anakuibia.

Tatizo lenyewe ni la kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta mabaki ya dawa kwenye Mto Nairobi na kwenye visima vya Kisumu. Hofu kubwa ni antibayotiki: kiasi kidogo kikikaa majini kinawazoesha bakteria, na usugu huo unarudi kwetu.

Fanya haya. Usinunue antibayotiki bila cheti cha daktari. Vidonge vilivyokwisha muda visitupwe chooni. Mpelekee mfamasia, au uliza ofisi ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, namna ya kuviteketeza. Usichimbe kisima karibu na choo. Ukiweza, nunua chujio la kaboni amilifu, siyo mkaa wa jikoni, na ubadilishe kaboni kwa wakati, maana ikijaa haishiki tena. Mwagilia mchicha kwa maji yasiyo ya Msimbazi. Na kwa wenye mamlaka: majitaka ya hospitali yasafishwe kabla hayajaingia kwenye bomba la mji, kwa sababu hapo dawa bado hazijachanganyika na maji mengi ya mji.