Usukani Uliopinda Haunyooshwi

Pikipiki ikianguka, aghalabu kinachotangulia kupiga chini ni ncha ya usukani. Katika mji kama wetu wa Mwanza, wenye vilima na mawe kila upande, hilo si jambo la ajabu. Anayeishi Isamilo au juu kule Mabatini anazijua njia za huko: changarawe, mtaro wa maji ya mvua, kisha jiwe. Pikipiki huinuliwa, mwenyewe akajipangusa vumbi, na usukani umekwenda upande.

Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia kuunyoosha. Usukani hupashwa moto au huvalishwa bomba refu, ukavutwa mpaka ukae sawa. Gharama ni ndogo na kwa macho kazi inapendeza. Lakini usukani ni bomba lenye ukuta mwembamba. Likipinda, chuma cha upande mmoja huvutika na cha upande wa pili hubonyea. Ukilirudisha, pale pale panachoka mara ya pili. Ufa mdogo hujificha chini ya rangi. Nao hauchagui siku ya kukatika pikipiki ikiwa imeegeshwa. Hukatika dereva anapouegemea kwa nguvu, yaani akifunga breki mteremkoni na abiria yuko nyuma yake.

Dawa ni usukani mpya. Kwa pikipiki ya zamani, tuseme Honda CG 125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, kazi hiyo unaweza kuifanya uani kwako kwa spana chache na bisibisi. Pikipiki nyingi ndogo hutumia bomba la unene wa milimita 22, kwa hiyo unene haukusumbui sana. Kinachosumbua ni kimo. Vijana hupenda usukani uliosimama kama pembe za ng'ombe wa Ankole, wakasahau kwamba waya wa klachi, wa breki na wa mafuta zilikatwa kwa kipimo cha usukani wa kiwandani. Nunua unaofanana na wa zamani, au ununue na nyaya ndefu.

Tandika blanketi kuukuu juu ya tangi. Legeza vitu vyote vilivyoshikwa na usukani, uvining'inize bila kuvikata. Kama breki ya mbele ni ya diski, kikopo cha mafuta ya breki kibaki wima, hewa isiingie. Na mafuta hayo yasidondokee tangi, maana yanakula rangi. Baadhi ya Honda za zamani zaidi hupitisha nyaya za swichi ndani ya bomba lenyewe: hizo funga uzi kwanza, ndipo uzivute, ili uzi ukusaidie kuzirudisha. Ndani ya kisanduku cha swichi mara nyingi mna kipini kinachoingia kwenye tundu la usukani. Linganisha matundu ungali dukani.

Unaporudisha, bolti za vibano vilivyo juu ya shokapu zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Mpira wa kushikia usipakwe grisi wala oili ili uingie upesi, utakutoka mkononi.

Sasa tumefika kwenye sehemu ambayo hata mafundi huiruka. Kabla ya kuwasha, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Usiguse tangi, na waya usivutike wala kubanwa. Sokota mkono wa mafuta na uuachie: lazima urudi wenyewe, kwa haraka, usukani ukiwa upande wowote. Kisha weka gia huru, washa injini, uzungushe tena bila kugusa mafuta. Mngurumo ukipanda, waya wa mafuta umevutika. Ukitoka hivyo, pikipiki itajiongeza kasi yenyewe kwenye kona. Upitishe upya. Jaribu breki na klachi hapo hapo uani, kisha tembea polepole mahali tambarare, urudi ukaze bolti mara nyingine.

Usukani wa zamani ukate vipande viwili kwa msumeno kabla ya kuupeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ukiutupa mzima utaokotwa, utanyooshwa, utapakwa rangi ya fedha, na utamkuta mwenzako sokoni.