Sato wa Vizimbani na Dagaa wa Maskini

Apitaye leo kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza, huona juu ya maji vizimba vya nyavu ambamo sato hulelewa kama kuku bandani. Mwezi wa Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza utoaji wa boti na vizimba kwa wavuvi, kwa mikopo isiyo na riba. Kwa kijana wa Kiislamu huu ni mlango uliofunguliwa, nasi twaufurahia.

Haja ya ufugaji huu i wazi. Sangara walipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha wala furu wa aina nyingi hata wakatoweka. Kisha viwanda vikajengwa, sangara wakasafirishwa Ulaya, wavuvi wakazidi, na nyavu za matundu madogo zikawazoa hata samaki wachanga. Ziwa halina ghala lisilokwisha.

Lakini, ndugu wasomaji, samaki wa kizimbani hajitafutii riziki. Hana budi kulishwa. Kilo moja ya sato yataka chakula kilo moja na nusu hivi, na gharama ya chakula hicho hupita nusu ya gharama zote. Je, chakula hicho chatoka wapi? Mara nyingi hutiwa dagaa waliosagwa. Nao dagaa ndio kitoweo cha mnyonge: mama asiyeweza kununua sato hununua kopo la dagaa, na watoto wake wakapata nyama ya mwili na nguvu ya mifupa. Tukiwachukua dagaa hao tukawalisha sato wa mezani kwa tajiri, tutakuwa tumeongeza samaki sokoni na kupunguza kitoweo katika chungu cha maskini.

Kwa bahati njema, sato si kama sangara. Sangara hula samaki wenziwe. Sato kwa asili yake hula mimea ya majini, na aweza kukuzwa kwa pumba, soya, mashudu, hata funza wa inzi wanaofugwa kwa taka za jikoni. Pumba na mashudu havina uhaba katika nchi ya Usukuma.

Jambo la pili ni mahali. Mabaki ya chakula na kinyesi huzama chini ya kizimba, na katika ghuba yenye maji yaliyotuama hewa ya oksijeni hupungua. Mwaka 2022 wafugaji wa Kisumu, nchini Kenya, waliona samaki wao wakielea wamekufa kwa wingi, na jasho lao likapotea kwa siku chache.

Basi kijana atakaye kuchukua mkopo na aulize kwanza: maji ya mahali hapa yapita au yamesimama? Vizimba vya jirani vi umbali gani? Na katika gunia hili la chakula mna dagaa kiasi gani? Mkopo usio na riba bado ni deni, na ziwa lenyewe ni la watu wote.