Baiskeli katika Mchanga wa Arabuko-Sokoke

Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio katika pwani ya Kenya baina ya Kilifi na Malindi, una eneo lipatalo kilomita za mraba 420, nao ni kipande kikubwa kuliko vyote vya msitu mkavu wa pwani vilivyosalia Afrika ya Mashariki. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1943. Wageni wengi huenda huko kutazama ndege, au kumvizia sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Wapo pia waendao kwa baiskeli, na njia zake za changarawe na mchanga huwashinda hata watu waliozoea milima. Ajabu ni kwamba msitu huu hauna mlima: sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 250 kutoka usawa wa bahari. Ugumu wake uko chini ya gurudumu na katika hewa, na yote mawili yaweza kukadiriwa kabla mtu hajatoka nyumbani.

Upande wa mashariki, karibu na barabara ya Mombasa hadi Malindi, mvua hufikia kiasi cha milimita 1000 kwa mwaka, na hapo pana msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati umepita ukanda wa mirihi, miti iotayo juu ya mchanga mweupe usio na rutuba. Kuelekea magharibi mvua hupungua, udongo huwa mwekundu, na vichaka vya miti ya jamii ya Cynometra husongamana hata upepo usipenye. Mpanda baiskeli avukaye msitu huu kwa kweli huvuka nchi tatu.

Na tuseme mtu, baiskeli yake, maji na vifaa vina jumla ya kilogramu 90, yaani uzito wa newtoni 880 hivi. Juu ya lami, ukinzani wa gurudumu linalobingirika ni kama sehemu 6 katika 1000 za uzito huo, yaani newtoni 5. Juu ya changarawe iliyoshindiliwa hufika newtoni 13. Katika mchanga mlaini huweza kupita newtoni 50, kwa sababu gurudumu huchimba mfereji na kuusukuma mchanga mbele yake. Ni kama kupanda kilima kidogo kisichokwisha. Nguvu ni kani mara mwendo. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, changarawe hudai wati 55 na upepo wa mbele huongeza kama 20. Mchanga peke yake hudai zaidi ya 200. Mtu mwenye afya asiye mwanamichezo wa mashindano huweza kutoa kiasi cha wati 120 kwa saa kadhaa. Basi katika mchanga hana budi kushuka hadi kilomita 8 kwa saa, au ashuke kabisa aisukume baiskeli.

Hapa ndipo mipango mingi huharibika. Safari ya kilomita 50, ikihesabiwa kwa mwendo wa lami wa kilomita 20 kwa saa, yaonekana kuwa ya saa mbili na nusu. Lakini ikiwa kilomita 15 kati ya hizo ni mchanga, sehemu hiyo pekee itachukua karibu saa mbili, na changarawe iliyobaki saa mbili na dakika ishirini. Ongeza pancha moja, mapumziko na uchovu, nazo zakaribia saa tano na nusu. Aliyebeba maji ya saa mbili na nusu yumo hatarini.

Tairi zaweza kusaidia. Kanieneo ni kani kwa eneo. Kwa hiyo tairi mbili zilizojazwa hadi kilopaskali 400 huikanyaga ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 22 hivi, na zikipunguzwa hadi 200 eneo hilo huwa maradufu. Gurudumu pana huzama kidogo. Ila pepo zikipungua mno, jiwe hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa, hivyo pampu, viraka na solusheni si vitu vya kuacha.

Mvua nayo ina hila yake. Mchanga wenye unyevu kidogo huwa imara kuliko mkavu, maana utando wa maji baina ya punje huzivuta pamoja. Kila mtoto wa pwani aliyejenga nyumba ya mchanga ufukweni alijua hivyo kabla ya kusoma fizikia. Manyunyu ya usiku basi ni baraka katika ukanda wa mirihi. Kwenye udongo mwekundu mvua hiyohiyo huleta utelezi, na wakati wa masika njia nyingine hazipitiki.

Kuhusu joto, misuli hugeuza robo tu ya nishati kuwa kazi. Anayetoa wati 120 huzalisha pia joto la wati 400 hivi. Kuvukiza lita moja ya jasho huondoa jouli milioni 2.4, hivyo kwa hesabu lita 0.6 kwa saa zingetosha. Lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na jasho hudondoka kabla ya kuvukizwa. Lililodondoka halikupoza mtu. Ni busara kuweka lita moja kwa kila saa, pamoja na chakula chenye chumvi, kwa kuwa kunywa maji matupu kupita kiasi nako hudhuru. Dalili za kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa si za kushindana nazo: safari isimame kivulini, mgonjwa amwagiwe maji na kupepewa.

Kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi humfikisha msafiri kabla jua halijapita utosini. Ruhusa na kiongozi hupatikana kwa wasimamizi wa msitu, wala hilo si jambo la adabu tu. Ndovu wamo, na baiskeli haina kishindo. Humfikia mnyama bila kumwonya. Ndovu aweza kukimbia kilomita 25 kwa saa, na mpandaji katika mchanga, kama ilivyoonyeshwa, huenda 8. Kinyesi kibichi njiani ni sababu tosha ya kugeuza.

Darasa laweza kulipima jambo la maji bila kufika msituni. Mwanafunzi apimwe uzito kabla na baada ya saa moja ya kuendesha, akiwa amejipangusa jasho. Kila kilogramu iliyopungua, ukijumlisha na maji aliyokunywa, ni karibu lita moja ya jasho.