Siki Moja, Fomula 19

Chukua chupa ya siki iliyoko jikoni kwako. Ukali wake unatokana na asidi moja tu, na leo mwanafunzi wa sekondari anaandika fomula yake bila kuinua kalamu. Lakini mwaka 1861, mkemia Mjerumani August Kekulé alipochapisha kitabu chake cha kemia, aliorodhesha fomula zote za asidi hiyo alizozikuta zikitumiwa na wenzake. Zilifika 19. Hakuwa anajionyesha kwamba amesoma sana. Alikuwa anaianika aibu ya fani nzima.

Chanzo cha vurugu hiyo kilikuwa maji. Mizani haikuwa na tatizo: ndani ya maji, kila gramu 1 ya haidrojeni huandamana na gramu 8 za oksijeni, na hilo hakuna aliyelipinga. Ugomvi ulianza mtu alipouliza atomi ni ngapi. Ukisema atomi moja ya haidrojeni imeshikana na moja ya oksijeni, basi maji ni HO na atomi ya oksijeni ina uzito wa 8. Ukisema atomi za haidrojeni ni mbili, maji yanakuwa H2O na oksijeni inapanda hadi 16. Mizani ileile inawakubalia wote wawili. Kaboni nayo ilikuwa 6 kwa huyu na 12 kwa yule. Walikuwa kama wauza mchele wa soko moja, kila mmoja na kopo lake, na makopo yote yanaitwa kibaba.

Hata kabla ya kitabu hicho, Kekulé aliona dawa ni kuwaweka wakemia pamoja chumbani. Akashirikiana na Adolphe Wurtz wa Paris na Karl Weltzien wa Karlsruhe, wakatuma barua za mwaliko kote Ulaya, na tarehe 3 Septemba 1860 wakemia zaidi ya 120 wakakutana Karlsruhe, katika ukumbi wa bunge la Baden. Hadi siku ile wakemia wa mataifa mbalimbali hawakuwahi kukutana kwa wingi namna hiyo kwa ajili ya kemia peke yake. Kekulé mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 31. Miongoni mwa wageni alikuwamo kijana wa Kirusi wa miaka 26 aliyekuwa akisoma Heidelberg, Dmitri Mendeleev, pamoja na Mrusi mwenzake Alexander Borodin, ambaye dunia ilikuja kumjua zaidi kwa muziki wake kuliko kwa kemia.

Walibishana siku tatu. Atomi ni nini, molekuli ni nini, na je, ni kitu kimoja? Wazee walitetea walichozoea, vijana wakataka mageuzi, na kamati ikaundwa, kama kawaida ya vikao.

Siku ya mwisho alisimama Stanislao Cannizzaro, mzaliwa wa Palermo, mtu aliyewahi kuikimbia Sicily baada ya uasi wa 1848 kushindwa. Hoja yake haikuwa mpya. Mwitalia mwenzake, Amedeo Avogadro, alikuwa ameitoa tangu 1811, na alifariki mwaka 1856 kabla haijakubaliwa. Ilikuwa hivi: gesi zozote mbili zenye ujazo sawa, katika joto na mgandamizo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Sasa pima. Lita 2 za haidrojeni zikiungana na lita 1 ya oksijeni, unapata lita 2 za mvuke. Lita moja ya oksijeni imegawanywa kwenye lita mbili za mvuke, na kila molekuli ya mvuke ina oksijeni ndani yake. Basi kila molekuli ya oksijeni lazima imepasuka vipande viwili. Na kama imepasuka, ilikuwa na atomi mbili tangu mwanzo. Ukifuata uzi huo hadi mwisho, maji ni H2O, oksijeni ni 16, kaboni ni 12.

Kikao hakikutoa uamuzi wa kumfunga mtu. Masuala ya sayansi, walisema, hayaamuliwi kwa kura. Ukihukumu kwa kumbukumbu za kikao peke yake, utasema nauli zao zilipotea bure. Lakini watu walipokuwa wakiagana, Angelo Pavesi, rafiki wa Cannizzaro, aliwagawia kijitabu ambacho Cannizzaro alikuwa amekichapisha mwaka 1858 kueleza anavyofundisha kozi yake. Mjerumani Lothar Meyer alikitia mfukoni, akakisoma njiani na akakirudia nyumbani. Baadaye aliandika kwamba alihisi kama magamba yameanguka machoni pake. Mwaka 1864 akatoa kitabu chenye elementi zilizopangwa kwa uzito huo mpya, na mwaka 1869 Mendeleev akatoa jedwali lake. Kwa oksijeni ya 8 na kaboni ya 6, jedwali lile lisingepangika.

Mimi naona kazi ya makongamano yaliyofuata ilirithiwa pale: kupatana juu ya vipimo na majina. Geneva, 1892, wakemia 34 waliweka kanuni za kutaja kampaundi za kaboni. Makongamano ya kemia ya matumizi yalianza Brussels mwaka 1894 na kuzunguka miji mikubwa hadi la nane, Washington na New York, mwaka 1912. La tisa lilipangiwa St Petersburg mwaka 1915, lakini vita vikalimeza. Umoja wa kimataifa wa kemia, IUPAC, uliundwa mwaka 1919, na mwanzoni Wajerumani, taifa la Kekulé, walifungiwa mlango.

Ugomvi wa mizani nao ulirudi. Mwaka 1929 iligundulika kwamba oksijeni ya hewani ni mchanganyiko wa isotopu tatu, yaani atomi za oksijeni zenye uzito tofauti. Wanafizikia wakaipa 16 ile nyepesi peke yake, wakemia wakaendelea kuupa 16 mchanganyiko mzima, na kwa miaka 30 dunia ikawa na majedwali mawili ya uzito wa atomi. Wakemia kuhamia upande wa wanafizikia kungebadilisha namba zao kwa sehemu 275 hivi katika milioni, na hilo walilikataa. Ikapatikana njia ya tatu, iliyowasogeza wakemia kwa sehemu 43 tu: kuiacha oksijeni na kushika isotopu moja ya kaboni. Wanafizikia waliipitisha Ottawa mwaka 1960, na wakemia Montreal mwaka 1961, miaka 101 baada ya Karlsruhe. Uzito walioipa kaboni hiyo, bila hata desimali, ni 12.