Kwa Nini Wazee wa Dakawa Husimulia Miaka ya Themanini

Mwaka 1982 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini ardhi Dakawa, baada ya Mazimbu, walikokuwa na shule tangu 1978, kuanza kuelemewa. Mwaka 1992 waliikabidhi Tanzania majengo yao. Mwenyeji aliyekuwa na miaka 18 walipofika sasa ameshapita sitini. Mguse habari za Wasouth, atakusimulia mengi kuliko atakayosimulia kuhusu miaka ya 2000.

Saikolojia inalijua jambo hili. Mwaka 1986 David Rubin na wenzake walionyesha kuwa watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo ya takribani kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao. Ndicho kipindi cha kazi ya kwanza, mchumba, kuhama kutoka kwa wazazi. Ndipo mtu anapojijua yeye ni nani.

Hata hivyo, sikiliza vizuri masimulizi hayo. Kadiri umri unavyosogea, undani wa tukio hupungua: nani alikuwepo, alivaa nini, alisema nini. Maana ya jambo hubaki, na pengine huongezeka. Kijana hutoa picha; mzee hutoa maelezo ya jinsi watu walivyoishi.

La kushangaza ni kwamba kesho tunayoiwaza nayo hubadilika vivyo hivyo. Mwanasaikolojia Endel Tulving wa Kanada alimchunguza mgonjwa aliyeumia ubongo kwa ajali ya pikipiki. Mgonjwa huyo hakukumbuka tukio lolote la maisha yake, na alipoulizwa atafanya nini kesho, hakuona kitu. Ubongo huijenga kesho kwa vipande vya jana. Ndiyo maana mwaka 2008 Donna Rose Addis na wenzake walikuta wazee wakiwaza yajayo kwa undani mdogo kuliko vijana, sawasawa na walivyokumbuka yaliyopita.

Tafiti hizi nyingi ni za Amerika Kaskazini, na natamani sana zifanyike Mvomero, wilaya iliyo na Dakawa. Lakini moja, ya mwaka 2014, ingefaa kujaribiwa hata leo: wazee waliozoezwa kwa dakika chache kukumbuka jambo kwa undani waliwaza na yajayo kwa undani zaidi. Kwa hiyo, kwenye kikao cha wakulima wa mpunga, kabla ya kumuuliza mzee skimu ya umwagiliaji iweje miaka kumi ijayo, mwombe kwanza aeleze siku moja ya mavuno anayoikumbuka: mfereji upi, maji yalifika wapi, nani alisimama naye jarubani.